Kikulacho Ki Nguoni Mwako
Katika Ujerumani ya Mashariki mfanyakazi alilipa kodi ndogo ya nyumba, na mkate ulikuwa wa bei rahisi. Hayo hayakanushiki. Lakini motokaa ya Trabant aliingojea miaka 10 na zaidi, na hata maneno ya mezani aliyapima kwanza. Kwani mwaka 1989 idara ya usalama, Stasi, ilikuwa na watumishi 91,000 hivi, mbali na raia waliopeleleza kwa siri. Tarehe 15 Januari, 1990, wananchi waliingia makao yake makuu mjini Berlin. Tangu 1992 aliyepelelezwa aweza kusoma jalada lake. Wako waliokuta kwamba aliyewachongea ni rafiki, hata mume. Ndugu wafanyakazi, shibe ni haki. Lakini ashibaye huku akimwogopa jirani yake hajawa huru.