Mahindi ya Mpakani na Ushahidi wa Ini

Machi 5, 2021, barua ya Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania. Siku chache baadaye malori yaliruhusiwa tena, ila kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na shehena iwe na cheti cha kuonyesha kuwa aflatoksini, sumu ya ukungu, haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Anayevusha mahindi kuyauza Burumba au Malaba, Kaunti ya Busia, anatakiwa kutii kipimo cha kitu asichoweza kukiona wala kukinusa.

Hofu ya serikali haikutoka hewani. Mwaka 2004 mahindi yenye ukungu yaliwadhuru watu 317 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui hasa, na 125 wakafa ini likiwa limeharibika. Hayo ni ya ghafla. Saratani inayokuja polepole ilikuwa ngumu zaidi kuithibitisha, kwa sababu panya wa maabara hawakubaliani: wale wa aina kubwa huugua kwa dozi ndogo, wale wa aina ndogo huistahimili sumu. Binadamu yuko upande gani? Ilibidi ini lake lenyewe lijibu. Tishu hupatikana kwa wagonjwa waliopasuliwa, au kwenye maini yaliyotolewa kwa hiari yakaonekana hayafai kupandikizwa. Humo ilibainika kuwa vimeng'enya vya ini ndivyo vinavyoigeuza aflatoksini kuwa kemikali inayonata kwenye DNA. Mwaka 1991, uvimbe wa ini wa baadhi ya wagonjwa wa China na kusini mwa Afrika, kwenye aflatoksini nyingi, ulikutwa na kasoro ileile, mahali palepale, kwenye p53, jeni inayozuia saratani.

Tishu hizo nazo zina soko. Kampuni za Marekani na Ulaya hugandisha seli za ini, huzihifadhi katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na kuziuzia maabara zinazopima dawa na sumu.

Mama anayeuza kwa gorogoro hana habari na hayo, lakini gharama ya masharti ya mpakani inamwangukia yeye. Sumu haienei sawasawa: gunia moja ni safi, la pembeni lina sumu, na sampuli moja inaweza kudanganya pande zote mbili. Kinachosaidia ni kukausha mapema hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Kaunti ya Busia ianze na vikaushio na kituo cha kupimia karibu na soko la nafaka, kabla ya kumnyang'anya mtu gunia lake barabarani.