Feng shui: upepo, maji na nyumba ya Holili

Feng shui ni maneno mawili ya Kichina: feng ni upepo, shui ni maji. Ni elimu ya kale ya kuchagua mahali pa kujenga au pa kuzika, na ya kupanga nyumba ili wanaoishi humo wawe na afya na maelewano. Wenye elimu hiyo husema kuna nguvu ya uhai iitwayo chi, ambayo hupita nyumbani kama hewa. Ikizuiwa, watu huchoka na kugombana. Nguvu hiyo hakuna kifaa kilichowahi kuipima, na hatumshauri mtu auze mbuzi ili anunue kioo cha bahati. Hata hivyo, mengi yaliyomo fundi yeyote wa Kilimanjaro angeyakubali.

Chukua suala la mlango. Nchini China nyumba njema hutazama kusini, mlima ukiwa mgongoni, kwa sababu huko jua la majira ya baridi hupita kusini na upepo mkali hutoka kaskazini. Holili iko digrii 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Hapa jua hupita karibu na utosi, miezi mingine likiinamia kaskazini, mingine kusini. Kinachotutesa ni jua la saa tisa alasiri. Chumba chenye dirisha kubwa la magharibi, chini ya bati lisilo na dari, hakilaliki mapema, na watoto wasiolala huamka na hasira. Anayeanza kujenga aelekeze kuta ndefu kaskazini na kusini. Aliyekwisha kujenga apande mti upande wa magharibi. Mwarobaini huvumilia ukame wa huku chini.

Hewa nayo inahitaji njia mbili, ya kuingilia na ya kutokea. Nyumba iliyo kando ya barabara ya malori ya Taveta hufunga dirisha la mbele kwa ajili ya vumbi, basi iwe na jingine uani. Hapa hatuna mzaha: jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala, hata usiku wa baridi wa Julai. Gesi yake ya kabonimonoksaidi haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Kitanda, wasema Wachina, kiwekwe mahali unapouona mlango bila kulala mkabala nao. Si vibaya.

Wachagga wana utaratibu wao wa tangu zamani, ingawa hawauiti feng shui. Juu mlimani nyumba hukaa katikati ya kihamba, ikizungukwa na migomba na kahawa, maji yakiletwa na mifongo ambayo watu huitumia kwa zamu. Mpakani hupandwa masale, na jani hilo hilo hupelekwa kwa jirani au ndugu uliyemkosea, kuomba msamaha. Kulikataa ni jambo zito.

Ugomvi mwingi wa majirani huanzia hapo hapo mpakani, maji ya bati la mmoja yanapomwagikia kiwanja cha mwingine. Weka mfereji na tangi, halafu panda masale. Hayapendi jua kali kama la Holili, kwa hiyo yapande chini ya kivuli na kuyamwagilia wakati wa kiangazi.