Makaratasi kwanza, pesa nyuma: kooperative inunue shamba namna gani?



Katika mikutano yetu vijijini kuko ombi moja ambalo linarudi kila mara: "Tuna akiba kidogo, tunataka kununua shamba letu wenyewe." Ni wazo zuri. Kiwanja cha kuosha kahawa, cha depo ya mahindi au cha pepinyere kikiwa cha kooperative, hatutegemei tena huruma ya mwenye kutukodisha. Lakini ile pesa ni jasho la familia nyingi. Ikipotea, hatupotezi shamba tu. Memba wanaanza kushukiana, michango inasimama, na kooperative inakufa polepole. Juu ya ile tunaeleza hapa namna ya kuchagua avoka wa kutusindikiza, na kazi gani afanye kabla franga hata moja haijatoka.

Tunanunua nini hasa?

Sheria ya ardhi ya nchi yetu ni ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, namba 73-021, na ilirekebishwa mwaka 1980. Inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Kile mtu anachouza ni haki yake ya kutumia udongo, inayoitwa konsesio, pamoja na nyumba na miti iliyo juu. Konsesio ya daima ni ya Mkongomani mwenye mwili na damu tu. Kooperative inapata konsesio ya kawaida, kwa mfano ile ya miaka 25, ambayo inaweza kurudishwa upya. Basi muuzaji akiwaambia "ninawauzia milele na milele", mujue hayo si maneno ya sheria.

Karatasi inayoonyesha mwenye haki ni moja: sertifika inayotolewa na konservatere wa ardhi. Juu yake mutasoma "Certificat d'enregistrement". Karatasi ya kuuziana iliyotiwa sahihi mbele ya chefu ni ushahidi kwamba mulipatana na kulipana. Ni ya maana, muichunge. Lakini peke yake haijawafanya kuwa wenye shamba. Kuko kooperative zinazoishia hapo, zinajenga, na kisha mwingine anatokea na sertifika mkononi. Na sertifika ikimaliza miaka miwili, sheria inailinda sana. Mwenye kulalamika anabaki zaidi na njia ya kudai fidia, si kurudishiwa shamba. Njo maana tunasema: makosa yatafutwe mapema.

Shamba linaweza kuwa la namna tatu

Ya kwanza ni shamba lenye sertifika. Hapa kazi ni kuhakikisha kwamba sertifika ni ya kweli na kwamba muuzaji ndiye mwenye jina lililoandikwa.

Ya pili ni shamba lenye kontra ya muda tu kati ya mtu na Serikali. Huyu bado hajapata haki kamili. Hawezi kuwauzia kile ambacho yeye mwenyewe hajapewa.

Ya tatu ni shamba la desturi, na vijijini njo mengi. Hapa muulize: muuzaji alilipata kwa njia gani? Kwa mfano kule Bushi, katika Kivu ya Kusini, mtu aliyetoa kalinzi kwa mwami au kwa chefu ana haki ya kudumu na anaweza kuirithisha. Lakini mwenye bwasa amepewa kulima kwa muda tu. Wote wawili munawakuta wanalima, wote wawili majirani wanawajua. Mwenye bwasa akiuza, anauza shamba la mwingine.

Avoka ni nani, na nani si avoka?

Mara nyingi mtu wa kwanza kuja ni komisionere. Anajua viwanja, anajua wauzaji, na maneno yake ni matamu: "Mulete pesa leo, kesho mwingine atabeba." Komisionere analipwa shamba likiuzwa. Kama haliuzwi, hapati kitu. Kwa hiyo si yeye wa kuwaambia kwamba shamba lina kesi.

Notere naye ana kazi yake: anashuhudia mapatano na kuyapa nguvu mbele ya Serikali. Lakini notere hasimami upande wenu. Anayesimama upande wenu ni avoka muliyemchagua na kumlipa ninyi wenyewe.

Mbele ya kumkubali, muulize haya:

1. Ameandikwa katika baro gani? Jibu lake mulihakikishe kwenye biro ya batonye, yaani mkuu wa maavoka. Mtu asiyejulikana pale hata kama ana mkoba na tai, si avoka.
2. Je, anamtetea pia muuzaji, ao ni ndugu yake? Avoka mmoja hawezi kulinda pande mbili. Kama muuzaji anawaambia "tumieni avoka wangu, ni bure", mumushukuru na mutafute wenu.
3. Amekwisha kufuatilia mambo ya ardhi hadi kupata sertifika? Anayejua kesi za wizi tu atajifunza kazi kwa pesa yenu.
4. Malipo yake ni ngapi, na yanagusa kazi gani? Iandikwe, pande zote zitie sahihi. Malipo ya avoka ni kitu kimoja, kodi na malipo ya Serikali ni kitu kingine. Ya Serikali yanalipwa benki kwa karatasi iitwayo "note de perception", na borderò inarudi kwa kesye wa kooperative.
5. Atatupatia ripoti kwa maandishi, na kutueleza kwa Kiswahili ao kwa lugha yetu? Makaratasi ya ardhi yameandikwa kwa Kifaransa. Memba asiyeelewa asilazimishwe kupiga kidole.

Kazi ya avoka kabla ya malipo

Aende kwanza kwa konservatere. Sertifika inatengenezwa mara mbili: moja inabaki ndani ya kitabu cha biro, nyingine inapewa mwenye haki. Avoka alinganishe zile mbili: jina, namba, ukubwa, mipaka. Aangalie pia kama shamba limewekwa rehani kwa deni la benki.

Kisha apite tribinali kuuliza kama kuko kesi juu ya lile shamba.

Halafu twende wote shambani pamoja na jeometre wa kadastre. Borne zionekane kwa macho, na kipimo kifanane na karatasi. Majirani wa pande zote waitwe. Mara nyingi muzee mmoja wa jirani anajua yale ambayo hayakuandikwa popote: njia ya ng'ombe, chemchemi ya kijiji, ndugu aliyehama lakini hajauza sehemu yake.

Muuzaji akiwa ameoa, mume na mke wakubali wote wawili. Sheria ya familia, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka hivyo. Shamba likiwa la urithi, warithi wote waonekane, hata binti walioolewa mbali. Sahihi ya kaka mkubwa peke yake haitoshi.

Kwa shamba la desturi, sahihi ya chefu ni mwanzo, si mwisho. Sheria inataka uchunguzi ufanywe mbele ya Serikali kutoa konsesio: tangazo libandikwe, shamba litembelewe, wenye kulalamika wasikilizwe. Konsesio iliyotolewa bila uchunguzi ule inaweza kuvunjwa. Avoka afuatilie kila hatua na kuchunga kopi.

Haya yote yakiwa safi, njo kontra iandikwe na kupelekwa kwa notere. Pesa ipitie benki ao koopeki, si ndani ya bahasha. Tunashauri kulipa kwa sehemu, na sehemu ya mwisho ingojee sertifika mpya.

Jina la nani?

Hapa njo wengi wanaanguka. Kooperative isiyoandikishwa haina jina mbele ya sheria. Basi shamba linaandikwa kwa jina la prezida, "kwa muda tu". Prezida akifa, watoto wake watalirithi, na sheria itakuwa upande wao. Hawakuiba kitu: karatasi inasema ni la baba yao.

Kwa hiyo tuanze na nyumba yetu. Tangu nchi yetu iingie OHADA mwaka 2012, kooperative inaandikishwa katika rejista ya kooperative, na toka siku ile inaweza kuwa na mali kwa jina lake. Mkutano mkuu uamue kununua, bei itajwe, watu wa kutia sahihi watajwe, na prosè-verbali iwekwe pamoja na makaratasi ya shamba. Avoka mwema ataiomba ile prosè-verbali siku ya kwanza. Asipoiomba, mumuulize sababu.

Kazi hii inaweza kuchukua miezi mingi, na muuzaji atasema munamchosha. Mwenye shamba lisilo na tatizo hakosi kuvumilia. Mujadili karatasi hii katika mkutano wenu ujao, na maswali yenu muyapeleke kwa animatere wa eneo lenu. Tutayajibu katika namba zinazokuja.