Tundu la Lenzi na Nukta za Mswada

Mtafiti anayepiga picha miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu hukabiliwa na swali ambalo mpiga picha wa arusi aweza kulipuuza: je, kila nukta ya ukurasa itasomeka? Katika hati hizo, nukta moja chini ya jino la herufi huwa be, mbili juu yake, te, tatu, the. Nukta zikiingia ukungu, mhariri anayeitegemea picha hiyo huenda akachapisha neno ambalo mtunzi hakulikusudia. Lawama hutupiwa mkono uliotikisika, ilhali mara nyingi sababu ni upana wa tundu la lenzi.

Tundu hili ndilo linalopitisha nuru kuelekea kwenye filamu au kihisi cha kidijitali. Namba yake hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa lenzi kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la milimita 25 huwa katika namba 2; tundu likibanwa hadi kama milimita 3, namba huwa 16. Wanaoanza hutatizwa na namba kubwa kuashiria tundu dogo. Wakumbuke kwamba namba hiyo ni asili ya sehemu: 1/16 ni ndogo kuliko 1/2.

Lenzi hulenga umbali mmoja tu kwa usahihi kamili. Nuru itokayo kwenye nukta iliyo mbele au nyuma ya umbali huo hufika kwenye filamu ikiwa kiduara. Tundu likiwa pana, miali huingia kwa mshazari mkubwa na kiduara hupanuka. Likibanwa, kiduara husinyaa hata jicho likakihesabu kuwa nukta. Asiyeona mbali hufinya macho asome ubao kwa kanuni iyo hiyo. Masafa ambamo viduara havitambuliki ndiyo ninayoyaita kina cha udhahiri. Tafsiri ya "kina cha uga" siipendelei: uga kwa Waswahili ni uwanja, nao hupimwa kwa upana.

Tuchukue mswada uliojalidiwa, ambao kurasa zake huzama karibu na mshono. Kamera ya filamu ya milimita 35 yenye lenzi ya milimita 50, ikiwekwa takriban sentimita 55 juu ya ukurasa, hunasa eneo la sentimita 24 kwa 36. Kwa namba 2, kina cha udhahiri ni sentimita 1 na ushei. Kwa namba 8 hufikia kama 5. Ukurasa uliozama sentimita 3 hautasomeka wote kwa namba 2. Tena hasara yenyewe haiangukii popote tu: katika ukurasa wa kulia, mstari uanzao kulia huishia mshononi, na ubeti ulioandikwa kwa mstari mmoja huwa na silabi yake ya bahari pale pale.

Kubana tundu kuna gharama. Kutoka namba 2 hadi 8, nuru hupungua mara 16. Picha iliyohitaji sekunde 1/125 sasa yataka kama 1/8, na hapo kamera haishikiki kwa mkono bali huwekwa juu ya kiweko. Wala tusikimbilie namba 22, kwani nuru hupinda kwenye kingo za tundu dogo mno na picha nzima ikapoteza ukali. Namba 8 au 11 zatosha, mradi lenzi ilengwe katikati ya mzamo wa ukurasa, si juu kabisa wala mshononi.