Mawimbi Hayajui Uzio

Paukwa! Pakawa! Hadithi ya leo, wanangu, haina sungura wala fisi. Ina rada mbili kubwa, vilima vingi, na watu wanaopenda redio kupita kiasi. Nayo ni hadithi ya kweli.

Huko Marekani kuna kambi mbili za jeshi, kila moja upande wake wa nchi. Moja iko Cape Cod, jimbo la Massachusetts, inaelekea Bahari ya Atlantiki. Ya pili ni Beale, jimbo la California, upande wa Pasifiki. Mwaka 1980 kila kambi iliwasha rada mpya. Ilikuwa enzi ya Vita Baridi, na Wamarekani walihofia makombora ya Umoja wa Kisovieti yanayoweza kurushwa kutoka kwenye nyambizi baharini. Kazi ya rada hizo ikawa kukesha, usiku na mchana, zikilinda anga.

Msidhani ni sahani inayozunguka. Ni jengo refu lenye kuta mbili zilizolala nyuma kidogo, na kila ukuta umejaa antena ndogo 1,792 zinazorusha mawimbi. Hakuna kinachozunguka. Kompyuta huamua antena ipi itangulie na ipi ichelewe, kwa tofauti ndogo mno ya muda, na mawimbi yote kwa pamoja hugeukia upande unaotakiwa. Rada hiyo huona kitu kilicho umbali wa zaidi ya kilomita 5,000.

Huonaje? Hurusha mawimbi kwa nguvu nyingi, kisha husikiliza. Mawimbi yakigonga chombo angani, sehemu ndogo sana hurudi, na hurudi ikiwa hafifu ajabu. Ni sawa na mwalimu anayejaribu kumsikia mtoto anayenong'ona mwisho wa darasa, huku nje ya dirisha wenzake wanapiga soga. Hawagombani wala hawapigi kelele, lakini soga yao tu inatosha kumeza ule mnong'ono.

Sasa tuwaendee wapenda redio. Kuna watu duniani kote wanaoitwa waendesha redio wa ridhaa. Hawauzi matangazo wala hawalipwi. Hufanya mtihani, hupewa leseni, kisha huzungumza kwa redio ya upepo na watu wa mbali. Moto wa msituni au kimbunga kikikata simu, wao huendelea kupeleka habari. Redio ya mkononi ina nguvu ndogo, kwa hiyo juu ya vilima huweka mtambo unaoitwa ripita: husikia sauti dhaifu kutoka bondeni, papo hapo huirusha upya kwa nguvu, na mtu wa bonde la pili akasikia.

Ripita nyingi za Marekani zilitumia masafa kati ya megahezi 420 na 450. Na rada zile mbili? Zilitumia masafa hayohayo.

Sheria ilikuwa imeliona jambo hilo. Katika masafa hayo serikali ni mtumiaji wa kwanza, na watu wa ridhaa ni watumiaji wa pili. Wa pili ana haki ya kutumia, ila asimwingilie wa kwanza, na wa kwanza akimwingilia yeye, avumilie. Tena, mahali pengi mtu wa ridhaa huruhusiwa kufikia wati 1,500. Lakini katika eneo lililozunguka kambi hizo, hata zaidi ya kilomita 100 kutoka langoni, mwisho ni wati 50. Anayetaka kuzidisha lazima mamlaka ya mawasiliano na msimamizi wa masafa wa jeshi wakubaliane kwanza.

Pamoja na hayo, ripita ziliongezeka mwaka hadi mwaka. Kila moja peke yake haikuwa na neno. Zilipokuwa nyingi, tena juu ya vilima, soga ikawa kubwa. Mwaka 2007 Jeshi la Anga lilisema: rada zetu zinasumbuliwa.

Wenye ripita walishangaa, kwa kuwa wao wenyewe hawakusikia kasoro yoyote. Mitambo yao ilifanya kazi vizuri, na leseni walikuwa nazo. Lakini jeshi lilipima na kupiga hesabu ya kila kituo, ili ijulikane kinatakiwa kupunguza kiasi gani. Chama chao cha kitaifa, ARRL, kikakaa katikati kuwasaidia. Wengine walipunguza nguvu, wengine wakabadili antena. Kwa baadhi hakukuwa na njia ila kuzima.

Je, hao walikuwa maadui wa jeshi? Hata kidogo! Wakati wa vita vya Vietnam, askari waliokuwa mbali walizungumza na nyumbani kupitia mpango uitwao MARS. Kituo cha redio ndani ya kambi yao kilirusha sauti ya askari hadi kwa mtu wa ridhaa huko Marekani, naye akaiunganisha na simu ya nyumbani. Mmoja wa waliojitolea hivyo alikuwa seneta Barry Goldwater, kutoka kituo chake Arizona. Njia ilikuwa moja, kwa hiyo walisema kwa zamu: "Nakupenda, mama, ova." Na mtu wa ridhaa, akibonyeza swichi kila zamu, alisikia yote. Vituo hivyo vilikuwa na ruhusa ya jeshi na masafa yake maalumu, ndiyo maana sauti hazikugongana.

Wanangu, uzio wa kambi humzuia mtu na gari. Wimbi la redio huupita kama haupo. Ndiyo maana anayetaka kusimamisha mlingoti haulizwi tu uwanja ni wa nani. Huulizwa masafa gani, nguvu kiasi gani, kilima kipi, na jirani ni nani. Tanzania maswali hayo huulizwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, na Kenya huulizwa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Mkipenda kujenga redio, jengeni. Someni, fanyeni mtihani, mpate leseni, kisha muulize nani anasikiliza karibu yenu kabla hamjabonyeza swichi. Anga ni letu sote, na kulitumia vizuri ni kupeana nafasi.