UZI: Barabara za Nairobi ni za nani?

1/ Kila msimu wa kampeni, mdahalo hufika hapa: "Utafanya nini kuhusu vifo barabarani?" Jibu ni lile lile: tutapanua barabara, tutaelimisha wananchi. Makofi. Hebu tuchambue, bila kutaja mtu wala chama.

2/ Kwanza, nani yuko barabarani? Nairobi, karibu watu 4 kati ya 10 huenda kazini kwa miguu. Hata abiria wa matatu hutembea hadi stejini. Na kwenye takwimu za NTSA, wanaotembea ndio huongoza kwa vifo.

3/ "Watu watumie madaraja." Sawa, lakini angalia Thika Road. Daraja likiwa mbali, mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo wa mboga hupiga hesabu: azunguke, au akimbie? Mimi naona barabara ijengwe ikijua watu hufuata njia fupi. Kulaumu aliyegongwa si sera.

4/ Kasi. Gari likienda kasi mara 2, nguvu ya kugonga huongezeka mara 4. Mjini sheria ni 50 km/h. Shirika la Afya Duniani hupendekeza 30 pale watu na magari huchanganyika. Bango peke yake halipunguzi mwendo. Barabara iliyobanwa kidogo, matuta na vivuko vilivyoinuliwa, hivyo hupunguza.

5/ "Mtaleta msongamano, mtaua biashara." Hii hoja isidharauliwe. Mwenye duka anataka pa kushusha mizigo, mchuuzi anataka pa kuuzia. Wasipopangiwa nafasi, njia ya miguu hugeuka soko. Usipoweka vigingi, boda na magari huihamia. Baiskeli inarudi katikati ya matatu.

6/ Nani awajibike? Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti barabara zake, taa za barabarani na maegesho. Barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Halafu kuna KURA, shirika la kitaifa linalojenga barabara mijini. Ndiyo maana ni rahisi mgombea kusema, "Hiyo si yangu."

7/ Pesa. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa wanaotembea, baiskeli na usafiri wa umma. Ahadi iko kwenye karatasi tayari. Hatuhitaji nyingine, tunahitaji hesabu.

8/ Kwa hivyo, ukipewa maikrofoni, usiulize "utajenga?" Kila mtu atajenga. Uliza:
– Barabara gani, na ni ya kaunti au ya taifa?
– Iko wapi kwenye bajeti ya mwaka huu?
– Nani atazuia magari kuegesha juu ya njia ya miguu?

Akijibu tatu zote, msikilize, hata kama si wa upande wako. Akirudi kwa "tutaelimisha wananchi", umeshapata jibu lako.