Shingo Ngumu na Chuma Kilichorudishwa Motoni

(Mazungumzo ya ibada ya asubuhi yaliyotolewa redioni. Masomo: Kutoka 32:7-14, Mithali 29:1, Ezekieli 36:26.)

 

Hapa Karen tunaishi katikati ya miti mingi. Mvua ya masika ikija usiku pamoja na upepo mkali, asubuhi yake tunakuta matawi yamelala barabarani. Ukiyatazama vizuri utaona kwamba mengi ni matawi manene yaliyokauka, ambayo jana yalionekana imara sana. Lakini mianzi iliyoko kando ya kijito, ambayo usiku kucha ililazwa huku na huku, asubuhi imesimama wima. Basi leo nataka tujiulize swali moja: Kitu chenye nguvu ni kipi? Ni kile kisichopinda kabisa, au ni kile kinachokubali kupinda?

Ili tupate jibu, hebu tutazame vitu vitatu ambavyo sote tunavijua.

Cha kwanza ni kioo cha dirisha. Kioo ni kigumu. Kisu cha jikoni hakikikwaruzi kwa urahisi. Tena ukikisukuma kwa kidole hakionyeshi dalili ya kupinda. Lakini fundi wa vioo anajua siri yake. Anapiga mstari mdogo tu juu yake kwa kikatio, kisha anakigonga au kukibonyeza kidogo, nacho kinagawanyika mara moja. Kioo hakijui kuinama. Kinajua kusimama na kuvunjika tu, basi.

Cha pili ni ule waya mwembamba ambao mafundi wa ujenzi hufungia nondo. Waya huu haubishani na mtu. Ukiukunja kulia, unabaki kulia. Ukiukunja kushoto, unabaki kushoto. Hauna umbo lake wenyewe. Lakini ukiukunja mara nyingi mahali pale pale, huku na huku, mwishowe nao hukatika. Kwa hiyo hata kukubali kila kitu si kinga ya kuvunjika.

Cha tatu ni springi ya gari, yale mabamba ya chuma yaliyopangwa chini ya lori. Gari likipakiwa mzigo, springi hunepa. Gari likiingia shimoni, hushuka na kupanda. Lakini mzigo ukishushwa, springi hurudi katika umbo lake la kwanza. Inapinda, lakini haisahau umbo lake. Kwa ajili hiyo inaweza kubeba mizigo kwa miaka mingi katika barabara mbaya.

Wapendwa, Mungu alipouumba mwili alitumia hekima hiyo hiyo. Mfupa wa mwanadamu si jiwe. Umechanganywa vitu viwili. Karibu theluthi mbili za uzito wa mfupa mkavu ni madini yenye kalsiamu, ambayo huutia ugumu, na sehemu kubwa ya theluthi iliyobaki ni nyuzi za protini, ambazo huuwezesha kunepa kidogo. Mnaweza kujaribu wenyewe nyumbani. Chukueni mfupa mwembamba wa kuku, muuloweke katika siki kwa siku kadhaa. Siki itayayeyusha madini, na mfupa utakunjika kama mpira. Kisha chukueni mfupa mwingine, muuchome motoni mpaka uwe mweupe. Moto utaziteketeza nyuzi, na mfupa utabaki na umbo lake, lakini ukiubonyeza utasagika kama chaki. Wa kwanza hauwezi kukusimamisha, na wa pili hauwezi kukubeba. Mfupa ulio hai una yote mawili.

Tena hapa jirani yetu, Lang'ata, kuna Kituo cha Twiga ambako shirika lake lilianzishwa mwaka wa 1979, na watoto wengi wa shule wamekwenda huko kuwalisha twiga kwa mikono. Shingo ya twiga ina pingili 7 tu, sawasawa na shingo yako na yangu, ila kila pingili yake ni ndefu mno. Kutoka mgongoni mpaka kisogoni mwake umepita ukano mnene unaovutika kama mpira, nao humsaidia kukishikilia kichwa juu pasipo kuchoka. Lakini mtazameni anapotaka kunywa maji. Hutanua miguu yake ya mbele, akaishusha shingo yote mpaka chini. Huyu ndiye mnyama mrefu kuliko wote duniani, na hata yeye akitaka kunywa maji, sharti akubali kuinama.

Sasa tufike kwenye Neno la Mungu. Katika Kutoka 32, Waisraeli walipojitengenezea ndama wa dhahabu, Mungu alimwambia Musa kwamba watu wale walikuwa na shingo ngumu. Wakulima wa ng'ombe wataelewa upesi. Ng'ombe wa kulima anapokataa nira, hukaza shingo. Si kwamba hana nguvu. Nguvu anazo nyingi, lakini anazitumia kupigana na mwenye shamba. Naye mwandishi wa Mithali 29:1 anatuonya kwamba mtu wa namna hiyo, akikataa maonyo kila mara, mwisho wake ni kuvunjika kwa ghafula, pasipo tiba. Angalieni, hasemi kwamba atapinda. Anasema atavunjika. Ni kama kile kioo.

Ndugu msikilizaji, huenda unafikiri kwamba nimekuja kuwahubiri wengine. La, hasha. Shingo ninayoijua zaidi ni yangu mwenyewe.

Mwanangu wa kwanza alipomaliza kidato cha nne, nilikuwa nimekwisha kumchagulia chuo na kazi. Yeye akaniambia kwa heshima kwamba anataka kujifunza uhunzi kwa mafundi wa jua kali kule Kamukunji. Nilimjibu kwa maneno ambayo leo naona aibu kuyakumbuka. Nilimwambia kwamba mtoto wa kasisi hawezi kukaa juani akigonga mabati, na kwamba akitoka katika mlango wangu kwa ajili hiyo asirudi. Akatoka. Kwa miezi tisa hatukusemezana. Jumapili nilisimama mbele ya ushirika nikatangaza ondoleo la dhambi, kisha nikarudi nyumbani kula chakula mezani penye kiti kitupu. Mama yake hakunigombeza. Alikuwa akinyamaza tu, na ule unyamavu ulikuwa mzito kuliko maneno.

Niliposikitika mbele ya wazee wenzangu, tulikuwa tukikumbushana methali yetu: Samaki mkunje angali mbichi. Nilijilaumu kwamba sikumkunja kijana alipokuwa mdogo. Haikunijia hata mara moja kwamba huenda samaki mkavu katika nyumba ile alikuwa ni mimi.

Siku moja, wakati wa baridi ya mwezi wa Julai, mama yake alinipa sweta akasema, “Baba, mpelekee mtoto. Mimi sina nguvu ya kwenda.” Nikapanda matatu mpaka mjini, nikatembea mpaka Kamukunji, katikati ya makelele ya nyundo. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya moto wa makaa. Akainuka, akafuta mikono, akasema, “Karibu, Baba.” Mzee anayemfundisha akanitafutia kigoda nikae. Kwa kuwa chuma kilikuwa motoni hakikuweza kungoja, walinitaka radhi wakaendelea na kazi yao.

Walikuwa wakitengeneza patasi kutoka kipande cha springi kuukuu ya gari. Waliipasha moto mpaka ikawa nyekundu kama jua linapotua, yaani joto la kama nyuzi 800 za Selsiasi, kisha wakaitumbukiza kwa ghafula katika oili. Nikauliza, “Imekwisha?” Yule mzee akacheka. Akasema, “Pasta, sasa hivi ni ngumu kuliko zote, lakini haifai kitu.” Akaokota nyingine iliyoachwa katika hali hiyo, akaiweka juu ya fuawe na kuipiga nyundo mara moja. Ncha ikaruka kama kigae.

Kisha mwanangu akanieleza. Alisema, “Baba, chuma kikishakuwa kigumu hivi, lazima kirudishwe motoni mara ya pili. Lakini si moto ule wa kwanza. Ni moto mdogo, wa polepole, na mtu hatoki hapo, anakitazama.” Alikuwa ameisugua patasi mpaka ikang'aa. Tukaitazama pamoja ikibadilika rangi: kwanza manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, karibu na buluu. Hapo akaitoa upesi. Joto hilo la pili ni kama nyuzi 280 hivi, wala halifiki hata nusu ya lile la kwanza. Chuma hupoteza sehemu ndogo ya ugumu wake, nacho hupata uvumilivu. Sasa kinaweza kupigwa nyundo siku nzima kisipasuke, na makali yake hayaondoki.

Nilikaa pale na sweta mapajani mwangu. Nilikuwa nimesoma chuo cha theolojia, nimefundisha wengi Ezekieli 36:26, jinsi Mungu anavyoahidi kuuondoa moyo wa jiwe na kutia moyo wa nyama. Lakini siku ile niliifahamu ahadi hiyo kutoka kinywani mwa kijana niliyemfukuza. Methali yetu ni kweli kwa samaki. Samaki aliyekauka hakunjiki tena. Lakini chuma kilichokakamaa kinaweza kurudishwa motoni, naye Mungu wetu ni mhunzi asiyetoka penye moto wake. Hakuna mzazi aliyekauka mno kwa Mungu.

Nikamwambia, “Mwanangu, nimekosa mbele ya Mungu na mbele yako. Nisamehe.” Hakujibu mara moja. Alilia, nami nikalia, na mafundi wakageuza nyuso zao kwa heshima. Jumapili iliyofuata alikuwa mezani. Sikupata nilichotaka, mpaka leo yeye ni mhunzi. Lakini nimempata mtoto wangu.

Sasa, mtu mwingine atauliza: Je, Mkristo apinde katika kila jambo? Hapana. Huo ungekuwa waya wa kufungia nondo. Hanania, Mishaeli na Azaria hawakuinama mbele ya sanamu ya mfalme. Na hapa kwetu Afrika ya Mashariki tunaye Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Huyu aliokoka mwaka wa 1948 katika Uamsho, ule uamsho uliowafundisha watu kuinamisha shingo mbele ya msalaba, na kuungama makosa yao waziwazi, hata mkubwa mbele ya mdogo. Mwezi wa Februari 1977, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu. Tarehe 16 ya mwezi huo aliuawa. Mbele ya Mungu na ndugu zake aliinama, na mbele ya uovu hakuinama. Ndivyo alivyokuwa Bwana wetu Yesu mwenyewe. Alijinyenyekeza hata kuwaosha wanafunzi miguu, na tena aliukaza uso wake kwenda Yerusalemu, wala hakuna aliyemgeuza.

Basi, ndugu, kabla hujakaza shingo jiulize maneno mawili. Kwanza: Jambo hili ninalolishikilia ni ukweli wa Mungu, au ni heshima yangu tu? Mimi nilidhani natetea maadili, kumbe natetea jina langu. Pili: Je, yuko mtu ambaye kiti chake ki kitupu kwa sababu ya shingo yangu? Huenda ni mtoto, au mke, au ndugu mliyegombana juu ya mpaka wa shamba, au mwenzako katika baraza la kanisa. Usingoje yeye aanze. Leo, kabla jua halijatua, mpigie simu au umwendee. Kama huna neno la kusema, chukua hata sweta.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyetuumba kwa mifupa iliyo imara na shingo ziwezazo kuinama, tusamehe kwa kuwa tumekuwa wagumu mahali pa kuinama, na walegevu mahali pa kusimama. Turudishe katika moto wa upendo wako, wala usituache mpaka tufae kwa kazi yako. Wakumbuke wote walio mbali na nyumba zao kwa ajili ya maneno yetu makali, na utupe neema ya kwenda kuwatafuta. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.